Kabla Halijapata Moto

Gari lilizimika likiwa limeshapandisha magurudumu ya mbele kwenye lami. Twaiba alikanyaga mafuta. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Upande wa kulia, kutoka Msambweni, lori la miwa lilikuwa linakuja, na dereva wake alikuwa ameshaanza kupiga honi kwa mbali, honi ya mtu asiyekusudia kushika breki. Ndani ya gari watoto kumi na mmoja wa chekechea walikuwa wakiimba majina ya siku. Walikuwa wamefika Alhamisi.

Hakujaribu kuwasha tena. Alitoa gia, akaachia breki, akaliacha gari lirudi kinyumenyume lenyewe kwenye kiteremko cha njia ya Bodo. Lori likapita. Upepo wake ukatikisa vioo, na kipande cha muwa kikadondoka juu ya boneti. Watoto wakashangilia. Hafsa, bintiye wa miaka mitano aliyekaa nyuma ya kiti cha dereva, akamgusa bega.

"Mama, tena!"

Twaiba alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili na vidole vilikuwa vimekataa kufunguka. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi zianze kuwa na baridi, na mara zote ilikuwa pale pale, penye makutano na barabara kuu. Gari liliwaka kwa shida, likatoa moshi mweupe, likaenda vizuri mpaka pale, kisha likasita kama mtu aliyesahau alichofuata. Likishapata moto halikuwa na neno. Adhuhuri liliwarudisha watoto makwao likinguruma kama jipya.

Gari lilikuwa la Swabir, kaka wa mumewe. Duka la vifaa vya ujenzi kule Ukunda lilikuwa lake vilevile, na Kheri, mume wa Twaiba, aliuza misumari na saruji humo. Nyumba waliyokaa Bodo pamoja na mama mkwe, Bi Maimuna, ilikuwa imeezekwa mabati na Swabir. Kazi ya kubeba watoto wa shule aliitafuta yeye, na kumpa shemeji yake usukani aliona ni hisani, akaitaja mbele za watu kila alipopata nafasi.

Siku ya pili yake, alipokwisha kuwarudisha watoto, Twaiba alilipeleka gari Ukunda. Fundi wa Swabir, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, aliitwa dukani. Hakumsalimu Twaiba. Alimwambia Kheri, "Mwambie mkeo aliwashe."

Twaiba alikuwa amesimama hapo hapo. Aliwasha. Gari likaitika mara moja. Fundi akamwashiria akanyage mafuta, akakanyaga, na sauti ikapanda safi bila kukatika. Wateja wawili waliokuwa wakingoja saruji walisogea kutazama.

"Gari hili lina afya kuliko mimi," fundi akasema. "Bwana Swabir, kinachosita hapa ni mguu wa dereva."

Watu wakacheka. Swabir hakucheka sana. Alitabasamu tu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji," alisema, "kama umechoka, sema. Vijana wanaotafuta usukani wamejaa hapa mjini."

"Sikuchoka, shemeji. Likiwa limepoa ndipo linapougua. Hapa limekuja likiwa na moto, haliwezi kuonyesha kitu. Naomba lilale hapa, fundi alisikilize alfajiri."

"Na watoto wa watu kesho watapelekwa na nani?"

Twaiba alimtazama mumewe. Kheri alikuwa akipima misumari kwenye mizani. Alikuwa ameshaipima mara moja; akaimwaga, akaanza kuipima tena.

*

Alikata shauri kumtafuta fundi mwingine. Palikuwa na mtu mmoja akiitwa Fondo, mwenyeji wa Taru aliyehamia pwani, ambaye gereji yake ilikuwa mabati manne na gogo la kukalia, kando ya kituo cha Msambweni. Twaiba alijieleza huku akiwa tayari kuchekwa. Fondo alisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Linazimika mahali tofauti tofauti, au mahali pamoja?"

"Pale pale siku zote. Makutanoni."

"Basi si uoga wako, mama. Uoga hauna kituo." Akafikiri kidogo. "Nikilitazama sasa nitakudanganya. Jumamosi hakuna shule. Usiliguse. Nitalikuta lingali limelala."

Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi Twaiba aliliwasha mapema na kuliacha lingurume uani muda mrefu kabla ya kwenda. Halikuzimika. Lakini moshi uliingia chumbani kwa Bi Maimuna, na bibi akakohoa kwa sauti ya kusikika na majirani. Swabir naye alipiga simu kuuliza mbona dizeli inakwisha haraka, kuna mtu anaiuza?

Jumamosi Fondo alifika kwa pikipiki watu wakitoka kuswali alfajiri. Kheri alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai. Alimwitikia salamu na kubaki pale pale.

"Shikamoo, mama," Fondo alisema alipomwona Bi Maimuna dirishani.

"Marahaba," Bi Maimuna alijibu, na pazia likashuka.

Fondo aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi kama mtungi. Alikata kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa maji ya hospitali, akakiunga kati ya chujio la dizeli na pampu. Kisha akamwambia Twaiba awashe na aje atazame.

Mwanzoni dizeli ilipita safi, ya rangi ya chai ya rangi. Twaiba alihesabu moyoni mwendo wa kutoka uani mpaka kwa Mbeyu, jirani yake, kisha mpaka msikitini, kisha mpaka minazi ya mwisho. Hapo povu likaja. Povu jembamba kwanza, kisha viputo vikubwa vikifuatana, na injini ikasita, ikatetemeka, ikazima.

"Makutanoni," Twaiba alisema.

"Ndipo hapo. Usiku dizeli inarudi tangini, hewa inashika nafasi yake. Ukiwasha, gari linakula akiba iliyobaki kwenye pampu. Akiba ikiisha, hewa ndiyo inayofika." Waliliwasha tena, wakangoja. Injini ilipopata moto viputo vikapungua, vikakoma kabisa. "Unaona? Mpira ukipata joto unavimba, ufa unajiziba. Ndiyo maana mchana wanakuona mwongo."

Aliingia chini ya gari na kisu na tochi. Twaiba alichutama akamshikia tochi. Ufa ulikuwa chini ya kibano, karibu na tangi, na ulikuwa mrefu. Fondo aliuzungushia kipande cha mpira wa baiskeli, akakaza kwa waya.

"Hii ni bandeji tu. Mpira mzima umekufa, na muhuri wa kichwa cha chujio, ule mpira wa duara unaozuia hewa, umekufa. Vifaa vyake viko Mombasa. Niachieni Jumatatu na Jumanne. Kulipasha moto kila asubuhi ni kuficha ugonjwa. Ufa huu siku moja utafunguka hata ukiwa na joto."

Kheri alikunywa chai yake akatazama majani yaliyobaki chini ya kikombe. Dirishani, pazia lilikuwa limeinuka tena kiasi cha jicho. Bi Maimuna aliona mtu asiyemjua amelala chini ya gari la mwanawe na kisu mkononi, na mkaza mwanawe amechutama kando yake. Hakuuliza neno. Aliliweka moyoni.

*

Jioni ile Swabir alikuja kumjulia hali mama yake, kama ilivyokuwa ada yake kila Jumamosi. Twaiba alimwandalia kahawa na kaimati, akangoja anywe finjani ya kwanza, ndipo akamweleza habari ya Fondo na ufa.

"Nani alimpa ruhusa fundi wa gogoni kufungua gari langu?" Swabir aliuliza.

"Mimi, shemeji. Nisamehe kwa hilo. Lakini tumeona hewa kwa macho. Ni mpira tu na muhuri wake, siku mbili litakuwa limepona."

"Siku mbili shule wapate gari jingine, wasirudi kwangu tena."

"Tuwatafutie la kukodi siku hizo mbili. Nikatwe mimi kwenye mshahara."

"Mshahara!" Swabir alimgeukia mama yake, kana kwamba amesikia mzaha ambao lazima ugawanywe. "Fundi wangu amesema gari ni zima. Mnataka nimwamini nani, yeye au mtu anayetengeneza baiskeli?"

Twaiba alikuwa hajapata kubishana na shemeji yake. "Jumatatu sitaendesha," alisema. "Siwezi kupakia watoto wa watu katika gari hilo."

Swabir hakumjibu yeye. Alimtazama mdogo wake.

"Kheri, huyu ni mkeo au ni mkubwa wako?"

Kheri aliuma mdomo. Siku nzima alikuwa akitumai jambo hili lipite pembeni yake. Hakuwa amekataa maneno ya Fondo wala kuyakubali. Alichotaka ni kuishi siku moja tu bila kuulizwa yuko upande gani.

"Nitaendesha mimi," alisema.

"Basi yamekwisha," alisema Bi Maimuna, akamsogezea Swabir sahani ya kaimati.

Swabir alipoondoka, Twaiba alimfuata mumewe alipokuwa akifunga mlango wa uani.

"Hafsa hatapanda."

"Umeshaamua yote, waniuliza nini?"

"Lipashe moto kwanza, Kheri. Nakuomba. Likae mpaka lipate moto sawasawa."

"Nimesikia," Kheri alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia siku nyingi mno.

*

Jumapili baada ya alasiri Twaiba alijitupia mtandio akapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema maneno yale yale: kesho msimpakie mtoto, gari ni bovu, litazima barabarani. Wengine walimshukuru. Wengine walitazamana. Mama mmoja alimuuliza kama amegombana na shemeji yake, na alipokawia kujibu, mama yule akatikisa kichwa kama aliyekwisha kujibiwa.

Mwisho alifika kwa Mbeyu, aliyekuwa akikuna nazi uani. Mwanawe Boga alikaa miguuni pake akila machicha.

"Umeota?" Mbeyu aliuliza.

"Sikuota. Mpira wa dizeli umepasuka."

"Ukinieleza mipira mimi sitaelewa, dada. Lakini uso wako siupendi." Mbeyu aliacha kukuna. "Mtu akija kwako na uso kama huo, mtu huyo amekuja kutoa rambirambi."

"Niambie tu kwamba hutampakia."

"Nitaona kesho."

*

Kheri aliliwasha gari Jumatatu, likatoa moshi wake mweupe. Alikusudia kungoja. Aliketi ndani ameshika usukani, na kweli alingoja kidogo. Kisha mama yake akaanza kukohoa dirishani, na simu ikalia.

"Umeshaondoka?" Swabir aliuliza.

"Niko njiani, kaka," Kheri alisema, na kwa kuwa hakupenda kusema uongo, akaingiza gia akatoka.

Nyumba ya kwanza hakukuwa na mtoto. Ya pili, mama alichungulia mlangoni akarudi ndani. Ya tatu hata mlango haukufunguliwa. Kheri alipiga honi, na kila alipopiga, uso ulizidi kumwaka moto. Aliona kijiji kizima kimekaa nyuma ya milango kinamtazama mwanamume ambaye mkewe amemtangaza.

Kwa Mbeyu tu ndiko alikomkuta mtoto amesimama nje na sare na mkoba. Boga alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye gari wakati mama yake alipomshika mkono.

"Vipi tena?" Kheri aliuliza.

"Hawezi... tumbo lamsumbua," Mbeyu alisema. Mtoto alimtazama mama yake kwa mshangao. Hakuwa na tumbo la kumsumbua.

Kheri hakuaga. Aliondoka kwa kasi, mlango wa pembeni ukiwa haujafungwa sawasawa. Makutanoni alitazama kulia, akaona lori la mchanga liko mbali. Alitazama kushoto, pakavu. Nafasi ilikuwa inatosha kabisa. Aliingia. Pua ya gari ilikuwa imeshavuka mstari wa katikati alipokanyaga mafuta akakuta chini ya mguu wake hapana kitu. Barabara pale ilikuwa tambarare. Hapakuwa na kiteremko cha kumrudisha. Alijaribu kuwasha, akajaribu tena.

Lori lilipiga gari nyuma ya kiti cha dereva. Waliofika kwanza walimtoa Kheri akiwa hai, nyonga na paja vimevunjika, akisoma shahada kwa sauti kubwa. Kisha wakatazama nyuma yake, mahali viti vya watoto vilipokuwa. Viti vyote vilikuwa vimebanwa pamoja mpaka upande wa pili, kama kitabu kilichofungwa. Mzee mmoja alianza kuita watoto kwa sauti, akiinama kutafuta chini ya mabati, mpaka mtu akamwambia kwamba hapakuwa na watoto.

*

Siku ile Twaiba alikumbatiwa na kila mtu. Akina mama walimlilia begani pale hospitali ya Msambweni. Yule aliyemuuliza kuhusu ugomvi alipiga magoti. Mbeyu alimshika mikono akaibusu, akawa anarudia tu "Boga, Boga," kana kwamba jina lenyewe ndilo shukrani.

Kesho yake makumbatio yalikuwa machache. Keshokutwa mtu mmoja aliuliza, kwa upole tu, alijuaje kwamba ni Jumatatu.

"Sikujua ni Jumatatu. Nilijua gari ni bovu."

"Lakini ulisema kesho. Ulipita nyumba zote ukasema kesho."

Twaiba alieleza: ufa, hewa, akiba ya dizeli. Walitikisa vichwa kwa adabu. Maneno yake yalikuwa marefu, na maneno mengine yaliyokuwa yakipita kijijini yalikuwa mafupi.

Mafupi hayo yalikuwa na mwenyewe. Swabir alikuwa amelala siku mbili macho wazi, akiona viti vile vilivyobanwa. Alijua alichoambiwa jioni ile barazani, na alijua waliokuwepo: mama yake, mdogo wake, na mwanamke yule. Wawili walikuwa wake. Basi alipokuja mtu kumpa pole, alianza kusema, kwanza kama swali, kisha kama habari. "Gari langu lilikuwa zima. Fundi wangu ni shahidi. Alfajiri ya Jumamosi mtu wa Taru alilala chini yake na kisu, shemeji akamshikia tochi. Mama aliwaona. Na kwenye vipande vya gari tumekuta mpira umefungwa matambara. Mimi simsingizii mtu. Nauliza tu, kwa nini mtoto wake hakupanda?"

Fondo aliitwa kituo cha polisi, akakaa huko mpaka jioni akiandikishwa maelezo. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Twaiba, akasimama nje ya ua.

"Mama, nimewaambia ukweli. Wameuandika, lakini waliuandika polepole, kama wanaoandika uongo." Alitazama huku na huku. "Narudi kwetu kwa muda. Nawe kama una kwenu, pafikirie."

Mbeyu ndiye aliyemuumiza zaidi. Walikutana njiani, na Boga akamkimbilia Twaiba kama siku zote. Mbeyu akamvuta mtoto nyuma ya leso yake.

"Nakushukuru, dada," alisema, macho chini. "Wallahi nitakushukuru mpaka nife. Lakini siku ile mkono wangu ulimvuta mwenyewe, sikuuamuru. Ni nini kilichouvuta?"

"Ni akili yako, Mbeyu. Ulinisikia."

"Labda," Mbeyu alisema, akapita ukingoni kabisa mwa njia ili nguo zao zisigusane.

*

Wiki ya pili ya kulazwa kwa Kheri, Twaiba alipeleka uji wa wimbi hospitalini asubuhi, kama alivyofanya kila siku. Bi Maimuna alikuwa amekaa kando ya kitanda akivuta uradi. Siku hizo Twaiba alikuwa ameona kwamba kikombe alichokiacha asubuhi alikikuta jioni kimeoshwa, akafurahi kwamba mgonjwa anakula. Leo alimimina uji, akamkaribishia mumewe mdomoni.

Kheri hakufungua mdomo. Alimtazama mama yake.

"Weka hapo," alisema.

"Utapoa."

"Weka tu, Twaiba."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mwenye mguu wa plasta, aligeuza uso ukutani. Hapo ndipo Twaiba alipoelewa kikombe kilikuwa kikioshwa wapi, na uji ukimwagwa wapi.

"Kheri," alisema polepole, "nilikuomba ulipashe moto. Nilikuomba au sikukuomba?"

Machozi yalimtoka Kheri, yakateremka kuelekea masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. "Uliniomba," alisema. "Ndiyo maana naogopa. Hukukosea hata kidogo."

Bi Maimuna aliinua uso kutoka kwenye tasbihi. "Mtoto wa kiume akiugua, nyumba huwa na mambo mengi," alisema, kama anayezungumza na dirisha. "Swabir amesema Hafsa akakae kwake Ukunda. Kwa muda. Atapita shuleni kumchukua leo."

Twaiba alichukua kikombe akanywa uji ule, mbele yao wote, bila kupumzika, mpaka ukaisha. Aligeuza kikombe juu chini kitandani, pembeni ya mkono wa mumewe. Kisha akatoka.

Alitembea mpaka akafika penye kona ya ukuta wa hospitali, na alipokuwa hawezi kuonekana tena madirishani akaanza kukimbia. Shuleni, mwalimu wa zamu alisimama langoni, hajui atabasamu au afunge lango.

"Baba yake mkubwa amepiga simu. Yuko njiani kutoka Ukunda."

"Mimi ni mama yake," Twaiba alisema, "na niko hapa."

Mwalimu alisita, akamtoa mtoto. Hafsa alikuja na kiatu kimoja hakijafungwa. Twaiba hakuinama kukifunga. Alimshika mkono, akaiacha barabara kubwa, akashika njia ya ndani inayopita mashambani, ambako angeweza kutafuta pikipiki ya kumfikisha mbele bila kuonekana na mtu anayetoka Ukunda.

"Twenda wapi, mama?"

"Matuga. Kwa bibi yako, mama yangu."

"Na baba?"

"Baba ana watu wake."

Mtoto alifikiri jambo hilo kwa hatua kadhaa. Kisha akauvuta mkono wake kidogo.

"Mama, waniumiza."

Twaiba alilegeza vidole, lakini hakumwachia.